Mama Mkwe na Injini ya Uani

Mama mkwe wangu alikuwa akinawa mikono kuliko mtu yeyote niliyepata kuishi naye nyumba moja. Mafuta ya injini yakiganda chini ya kucha, maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi, na yeye alikuwa mtu wa injini na mtu wa sala. Basi kabla ya kila adhana alikaa kwenye kigoda karibu na tangi la maji, akajisugua kwa sabuni na sukari, kisha ndimu, kisha kijiti cha mswaki alichokichonga ncha kwa ajili ya kucha tu. Nilipomwambia siku moja kwamba angepumzika akivaa glavu, alinitazama kama nimemwambia apike amefumba macho.

"Nitajuaje kama chuma kina mkwaruzo?"

Kuhusu kukatizwa kazi mara kwa mara, hakulalamika. Alisema sala ndiyo breki yake; bila hiyo angekufa ameinama.

Ufundi aliupatia Mombasa. Yeye na watu wake walipokimbia vita vya Kismayo walipitia kambini, wakaishia huko, naye akawa anauza chai na mahamri kwenye uwanja mmoja wa magereji. Chai ikiisha mapema, alikaa akiwaoshea mafundi vyuma kwa mafuta ya taa, asikae bure. Akaosha miaka na miaka. "Wao walikuwa wakivifunga," aliniambia, "mimi ndiye niliyekuwa nikiviona vikiwa uchi." Akaanza kusema hiki kimepinda, hiki kimeliwa, na alipokuwa sahihi mara nyingi mno mwenye gereji akampa kona nyuma ya ukuta, asionekane na wateja, akamwachia giaboksi, kisha injini nzima. Aliporudi Kismayo kuishi nasi, alikuja na sanduku moja la nguo na moja la spana. La spana ndilo lililokuwa zito.

Hapa kwetu gereji ni za wanaume. Hakuna aliyemkataza kuingia, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba kuna la kumkataza. Alikaa uani, akamtengenezea mke wangu cherehani, akafungua jenereta la nyumbani bila ya kuwa na ubovu wowote, akalifunga. Mke wangu alikuwa akiona haya. Wageni wakibisha hodi, jambo la kwanza alilofanya ni kuzificha spana za mamake chini ya ungo.

Mimi kazi yangu ni mashine za mashua. Nina kibanda karibu na bandari, na wavuvi wa visiwa vya Chula na Chovae huniletea mashine zao zikiwa zimeliwa na chumvi. Za gari nilijua kubadilisha plagi na kumwaga oili, basi. Lakini mtu akionekana na spana mkononi huitwa fundi, na mwenye gari alipofika kibandani hakuuliza fundi wa nini.

Huyu mwenye gari alizaliwa Ulaya na wazazi wa Kismayo, akarudi mtu mzima kufungua duka la simu. Alikuwa ameleta kwa meli gari la saluni jeupe, la silinda sita, na alitaka injini yake ijengwe upya na kutiwa turbo. Turbo ni ile konokono ya chuma inayozungushwa na moshi wa eksozi. Ikizunguka, huisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuivuta yenyewe. Sikukuu ya Idd watu hushindana magari kwenye kipande cha lami nje ya mji, naye alitaka kushinda. Nikamwambia nitafikiri, hali nimeshakata shauri kukataa.

Jioni nikakisimulia kisa hicho kwenye chakula kama kichekesho. Mama mkwe akalirudisha tonge sahanini.

"Muulize mumeo," akamwambia mke wangu, "hizo silinda zimepangwa mstari mmoja au zimegawanyika?"

"Mwambie mama, mstari mmoja," nikasema.

"Mwambie alilete."

Nieleze hapo. Mkwe na mama mkwe wana heshima yao, na yeye aliishika kwa ukali. Miaka miwili tuliyokaa nyumba moja hatukuwa tumezungumza uso kwa uso zaidi ya salamu na kubusu mkono. Kila neno lilipitia kwa mke wangu. Kwa hiyo gari lilipoingia uani na geti kufungwa, wiki tatu za mwanzo tulifanya kazi hivi: yeye ameinama upande mmoja wa boneti, mimi upande wa pili, karibu tugongane vichwa, na mke wangu amesimama katikati na mwiko wake wa jikoni.

"Mwambie mumeo anipe kumi na nne."

"Akupe kumi na nne."

"Si hiyo. Mwambie hiyo ni kumi na tatu."

"Hiyo ni kumi na tatu," alisema mke wangu, na siku ya tatu alikuwa akimpa mamake spana kabla hajaambiwa.

Heshima hiyo ilivunjika siku ya kuitoa injini. Tulikuwa tumefunga kapi la mashua kwenye boriti, mimi navuta kamba, yeye anaielekeza injini itoke bila kugonga. Mke wangu alikuwa jikoni. Kamba ikaanza kuniteleza, nami kwa upumbavu nikapeleka mkono chini ya chuma ili nikizuie.

"Toa mkono!" alipiga ukelele. "Toa mkono, ng'ombe wee! Wataka kula na nini?"

Nikautoa. Injini ikashuka juu ya mbao, mahali hasa mkono ulipokuwa. Alijifunika mdomo kwa shungi, macho yamemtoka, kama kwamba kilichokuwa kibaya zaidi ni lile neno ng'ombe. Mimi nikaanza kucheka kwa woga. Naye akacheka. Tangu siku hiyo akaniita mwanangu, na akanitukana moja kwa moja kila ilipohitajika.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Kwenye chuma alipima hata unene wa unywele, lakini chumvi alitia kwa kiganja, na wali wake siku nyingine haukulika. Alikemea watoto wa jirani kwa kelele, akaweza kukaa saa nzima ameegemea injini inayonguruma kama anasikiliza kisomo. Na yeye aliyekuwa akijenga gari la kushinda wenzake aliogopa mwendo. Hata akipelekwa hospitali kwa teksi alishika mlango kwa mikono miwili na kumwambia dereva, "Polepole baba, mgonjwa si mahututi."

Alidanganya pia, bila haya yoyote. Majirani walipouliza kelele ni za nini, alisema tumenunua jenereta bovu. Wakati mmoja bloku ya injini ilikuwa juu ya mbao, hedi, mfuniko wake wa juu, imetolewa, na mgeni akabisha hodi ghafla. Mama mkwe akaweka sinia juu, akatandika busati, akaweka mto. Bibi wa watu akakaa juu ya silinda sita muda wote wa kahawa, akilalamika kwamba baraza letu ni gumu. "Ni la kizamani," mama mkwe alimjibu, akammiminia tena.

Lakini lipo jambo ambalo hakulidanganyia kamwe, nalo ni kipimo. Neno alilolichukia ni "karibu sawa." Ukisema karibu sawa alikuuliza, "Karibu kiasi gani?" na akasubiri jibu.

Hapo ndipo mimi na yeye tulipokaribia kuharibu mambo, au niseme mimi. Injini ya turbo hupata moto kuliko ile ya kawaida. Ringi za pistoni, zile pete zinazoziba nguvu isivuje, zina mwanya mdogo mahali ncha mbili zinapokutana, na zikipata moto hurefuka. Mwanya ukiwa finyu, ncha hugongana, ringi hukatika, pistoni hupasuka. Kwa hiyo alizisugua ncha kwa tupa, moja moja, akapima kwa vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye namba. Namba zenyewe macho yake hayakuziona tena, nikawa namsomea mimi. Tulipofika silinda ya tatu adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Akapaka mafuta kibamba, akakiweka juu ya kitambaa, akanambia nipime ringi za tatu wakati anaswali.

Kibandani kulikuwa na wavuvi wa kisiwa cha Ngumi wananingoja tangu mchana. Nilizitazama tu ringi, nikaona zinafanana na zile za pili, nikazitia.

"Ya tatu?" aliuliza aliporudi.

"Sawa."

"Ulipima?"

"Nilipima, mama."

Akachukua kile kibamba, akashika ringi za nne. Tukaendelea hadi ya sita, siku zilizofuata tukarudisha hedi, tukafunga kila kitu. Nilikuwa nimeshasahau. Asubuhi moja nikaamka nikamkuta uani, hedi iko chini tena, karta ya oili, lile bakuli la chini ya injini, imefunguliwa, pistoni ya tatu iko mapajani mwake. Amevaa miwani ya mke wangu, na mke wangu amechutama mbele yake akimsomea namba. Kazi ya siku nne ilikuwa imefunguliwa yote.

Nilisimama pale na mswaki mdomoni.

"Kile kibamba nilikiacha na mafuta," alisema bila kuniangalia. "Anayepima hufuta kwanza. Nilikikuta na mafuta vilevile."

"Mbona hukunambia siku ile?"

"Nilikungoja unambie wewe."

Mke wangu alisoma namba kwa sauti. Mwanya ulikuwa nusu ya ulivyotakiwa. Mama mkwe akachukua tupa, na akisugua alisema kwa lahaja ya kwao, ambayo mtu ni mchu na kitu ni kichu, kama anazungumza na ringi, "Mchu ataingia ndani ya kichu hiki na roho yake." Hakurudia tena maneno hayo, wala hakunitajia jambo lile siku zote zilizobaki. Mke wangu ndiye ambaye hakunisemesha kwa wiki. Na kuanzia siku ile ni yeye aliyesoma namba. Mimi nikapewa kushika taa.

Injini ilirudi garini. Tukaunga bomba la mafuta ya turbo, tukafunga mbele rejeta ya pili ya kupoza hewa. Siku ya kuiwasha aliinamisha kichwa, akasikiliza, akazima. Akafungua kidogo, akafunga, akawasha. Hivyo siku tatu. Petroli ya mjini hakuiamini. Alidondosha tone kwenye karatasi nyeupe: likikauka bila kuacha doa, akairuhusu, likiacha doa la mafuta ya taa, akairudisha. Na kwa sababu ya petroli hiyohiyo aliiweka presha ya turbo chini kuliko ambavyo mwenye gari angetaka. Injini ikipewa hewa nyingi kwa petroli dhaifu hugonga kwa ndani, na kugonga huko huila.

Sikukuu ya Idd gari lile liliwaacha wenzake wote. Mwenyewe ndiye aliyeliendesha. Watu wakanibeba juu, mimi, wakanipiga makofi mgongoni, mtu mmoja akanirekodi kwa simu akiniuliza kwa Kisomali nimejenga vipi injini kama ile uani kwangu. Nikasema ni subira na kipimo. Maneno yake hasa, nikayasema kwa mdomo wangu.

Niliporudi nyumbani alikuwa anamenya kitunguu.

"Iligonga?"

"Haikugonga."

"Moshi?"

"Safi."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na kitunguu chake. Ile video ilikuwa imeshafika kwenye simu ya mke wangu. Aliiweka simu juu ya meza mbele yangu, ikiwa imezimwa, akaingia ndani.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda kesho yake kusema kweli. Sikwenda. Nilijiambia kuwa yeye mwenyewe hataki kujulikana, na nadhani hata ilikuwa hivyo, lakini sikumuuliza.

Mwezi haukupita, mwenye gari akaja nyumbani. Nikamkaribisha sebuleni, mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia la kuingilia uani. Alikuwa na haraka. Kuna gari limekuja kutoka mji mwingine, alisema, lina nguvu kuliko lake, anataka presha ya turbo iongezwe.

"Si lazima nyingi," alisema. "Nyingi ya kutosha."

Nilijua jibu ni hapana, ila sikujua sababu zake kwa mpangilio, na niliogopa akiniuliza kwa nini. "Tutaongeza kidogo," nikasema.

"Hatuongezi," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Mwenye gari akageuka. "Nani huyo?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe hakuningoja. Alimwambia presha iko kiasi gani sasa na kwa nini iko pale. Alimwambia petroli anayoinunua kwenye madumu imechanganywa, na kwamba siku ya Idd aliponea kwa sababu mbio zilikuwa fupi. Alimweleza kitakachotangulia kuharibika, na kitakachofuata, na yeye akiwa katika mwendo gani. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mwenye gari alikuwa ameshamgeuzia mgongo mtu aliyekuwa akimwita fundi, anazungumza na pazia.

"Hooyo," alimwita, kama Wasomali wanavyomwita mama, "na nikileta petroli safi kutoka Mombasa?"

"Ilete, tuione. Ila kwanza nambie, taa ya moto wa injini uliwahi kuiona ikiwaka?"

"Mara moja."

"Ukafanya nini?"

"Niliendelea."

"Basi si petroli peke yake," alisema mama mkwe.

Walizungumza hadi kahawa ikapoa. Mwisho mwenye gari akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta mahali pa kuniweka.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilishika taa," nikasema.

Habari zilienea kabla ya magharibi. Bandarini wakaniita Mshika Taa, na wengine huniita hivyo hadi leo. Wapo waliosema ni aibu, wapo waliosema ni uongo, mwanamke hawezi. Mwenye gari hakuonekana siku kumi. Siku ya kumi na moja alibisha hodi akiwa na chupa ya petroli na karatasi nyeupe, akaomba vipitishwe nyuma ya pazia. Presha haikuongezwa. Aliliendesha gari lile miaka mitatu, kisha akaliuza likiwa zima.

Na wanawake wakaanza kuja. Walileta majenereta, pampu za maji, mashine za kusagia nyama, na mmoja, mwenye duka la vitambaa, akaja na gari lake mwenyewe. Mke wangu aliacha kuficha spana. Sikumbuki ni siku gani hasa. Nakumbuka tu kwamba nilirudi kutoka kibandani nikazikuta zimetundikwa ukutani, kwa ukubwa, karibu na vikaango.

Mwaka huu nilikwenda Mombasa. Mama mkwe anakaa huko kwa dada yake tangu maradhi ya macho yalipozidi. Jicho moja limefanyiwa operesheni, jingine linangoja. Nilimkuta chumbani, kitandani, mikono imewekwa juu ya magoti. Ni safi kabisa. Inatetemeka kidogo, ya kulia zaidi, na alipoona naitazama aliifunika kwa leso.

Nikambusu mkono, tukaulizana hali. Nikamwambia bintiye amenituma nimsikilizishe kitu. Injini ya yule mama wa duka la vitambaa imekwisha kujengwa upya, nayo ina turbo, na imewashwa mara ya kwanza wiki iliyopita.

"Mulifunga pamoja?"

"Hapana. Bintiyo amefunga peke yake. Mimi aliniita kuinua tu."

Nikamwekea simu sikioni. Barabarani kulikuwa na pikipiki na mtu anayetangaza bidhaa kwa spika, na akanionyesha kwa kidole nifunge dirisha. Akasikiliza amefumba macho. Rekodi ilipokwisha alibaki vilevile, sikio limeinamishwa.

"Hivi sivyo nilivyomfundisha," alisema.

"Amekosea?"

"Mimi cheche ya plagi ningeirudisha nyuma, iwashe petroli kwa kuchelewa. Mimi ni mwoga, siku zote huirudisha nyuma. Yeye ameisogeza mbele, na ikiwahi hivyo injini hupata nguvu, au hugonga."

"Basi nimwambie airudishe?"

Dada yake aliingia na chai, akaiweka, akatoka. Mama mkwe alikuwa anatafuta simu juu ya shuka kwa mkono ule unaotetemeka, leso imemwanguka, wala hakuiokota.

"Inagonga?" nikauliza, maana nilianza kuogopa.

"Haigongi," alisema. "Sikiliza wewe mwenyewe. Haigongi hata kidogo."

Akaipata simu, akanipa.

"Rudisha mwanzo."